Kipande

Saa nane mchana, Tanga, umeme upo, feni inazunguka,
na mashine imegoma.
"Diski imejaa," inasema, bila salamu,
kwenye kadi ya elfu sitini na moja, mia tatu na nne:
kipande cha manamba wa mkonge
ambaye jina lake limeliwa na mchwa.
Imesalia namba, na alama za siku alizokata:
ishirini na saba. Tatu mnyapara hakuzitia.

"Mntangi, imekwama tena?"
Hadia, kutoka kwenye skana, kidole bado juu ya kitufe.

Mashine hii haina bati wala skrubu,
huwezi kuizaba kofi kama redio.
Imo ndani ya mashine nyingine,
kama mpangaji wa chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Nane,
anayedhani ukuta wake ndio mwisho wa Ngamiani.
Mwaka juzi niliipimia gigabaiti arobaini.
Niliona nimetapanya. Nani alijua
ni watu wangapi walikata mkonge?

Nakala kwanza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.
Kisha nikafuta picha za jana na juzi,
zile mashine hupigwa kwa kuogopa kesho;
zikiwepo, haikubali kupanuka.
Nikaizima.

Kwa nje ni mstari mmoja tu wa amri:
arobaini ikawa mia na ishirini.
Nikaiwasha, nikaiuliza, una nafasi gani?
Arobaini, ikajibu. Nimejaa.

Ndivyo. Mtu ukimwongezea kiwanja usiku, amelala,
hujamjengea.
Asubuhi atapita palepale
akipinda bega kwenye kona ileile.

Nikatazama ramani ya vipande.
Cha kwanza, chenye kadi zote, pomoni.
Mbali kule nafasi mpya, nyeupe, kama shamba lililofyekwa.
Na katikati, kimekaa kitako, kipande cha pili,
gigabaiti mbili tu,
pale mashine inapotua mawazo ikizidiwa.
Hakina kosa. Kimekaa mlangoni, basi.

Nikaandika: futa kipande.
Mkono ukasita.
Neno hilo hapa Tanga lina watu ndani yake.
Babu yake Hadia alitoka Kasulu na namba shingoni,
akazikwa Muheza, na namba.

"Umeandika nini hapo?" Yuko begani kwangu.
"Cha diski," nikasema.
"Najua." Lakini hakuondoka.

Nikakifuta.
Nikakinyoosha cha kwanza hadi karibu na ukingo,
nikakirudisha kile kidogo kule mwisho, hai, na jina jipya.
Bado: arobaini.
Ukuta umesogea, sakafu haijaufuata.
Ikabaki amri moja, ya kuutandaza mfumo wa faili
kama jamvi linalokunjuliwa hadi pembe ya chumba.
Sekunde nne. Sikupumua hata moja.

Mia na kumi na nane.

Skana ikanguruma, kadi ikaingia.
Kisanduku cha jina kikafunguka, kikawa kinapepesa.
"Kinabeba herufi ngapi?" Hadia akauliza.
"Mia mbili hamsini na tano."
"Zote hizo," akasema, akakiacha kitupu.

Elfu sitini na moja, mia tatu na tano.
Namba ya kazi inayofuata ile, wino uleule, siku ileile ya kuandikwa.
Huyu jina lake mchwa hawakulifikia.
Akalisoma taratibu: Butoyi.
Akalisoma tena, kwa sauti ya kwao.

"Butoyi ni doto," akasema.
"Mbele yake huwa pana Bukuru."

Tukarudi kadi moja nyuma.
Namba. Siku ishirini na saba.
Kisanduku kinapepesa, kinapepesa.
Hakuandika. Hakukifunga pia.
Nje mtu alikuwa anauza mihogo ya kukaanga,
na sisi wawili, na nafasi yote ile.